Vinu vya Nyuklia vya Kuzalisha Umeme Katika Anga za Juu

Chombo chochote kinachorushwa katika anga za juu huhitaji umeme. Umeme ndio unaoendesha redio ya kuletea habari duniani, ndio unaoendesha kamera na vipimo, na ndio unaozuia mitambo isiharibiwe na baridi kali. Chombo kikiishiwa umeme hubaki kipande cha chuma kinachoelea, hata kama sehemu zake nyingine zote ni nzima. Kwa sababu hiyo wahandisi wa vyombo hivyo huanza kazi yao kwa kuuliza: umeme utatoka wapi, nao utadumu kwa muda gani?

Njia kuu za kuupata ni tatu: betri, mwanga wa jua, na nishati ya nyuklia. Betri peke yake huisha baada ya siku chache au majuma machache. Mwanga wa jua hutosha kwa kazi nyingi, lakini si kwa zote. Katika makala haya tutaeleza njia ya tatu, na hasa kinu cha nyuklia. Tutaona kwamba sheria za fizikia zinazofundishwa katika shule za sekondari zinatosha kutuonyesha kwa nini kinu cha anga za juu hakifanani na kinu cha duniani. Tutaona pia kwa nini jambo hili linatuhusu hata sisi ambao hatujawahi kurusha kinu cha aina hiyo.

Mwanga wa jua na mipaka yake

Setilaiti nyingi hupata umeme kwa mabamba yanayopokea mwanga wa jua. Setilaiti iliyoitwa Uhuru, ambayo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco lililoko baharini karibu na Malindi, nchini Kenya, ilikuwa na mabamba manne ya namna hiyo. Katika umbali wa dunia kutoka kwenye jua, kila mita moja ya mraba iliyoelekea jua hupokea wati 1,361 hivi. Hicho ni kiasi kizuri, wala hakilipiwi.

Lakini mwanga hufifia kadiri tunavyokwenda mbali, nao hufuata kanuni ya kinyume cha mraba wa umbali. Sayari ya Mshtarii iko mbali na jua mara 5.2 kuliko dunia. Kwa hiyo mwanga wake ni hafifu mara 27, nao ni wati 50 tu kwa mita ya mraba. Neptuni iko mbali mara 30, na huko mwanga hupungua mara 900 hadi kufikia wati moja na nusu. Chombo ambacho karibu na dunia kingehitaji mabamba ya mita moja ya mraba kingehitaji huko mabamba yenye ukubwa unaozidi kidogo kiwanja kimoja cha mpira wa mikono.

Umbali si kizuizi pekee. Usiku wa mwezini hudumu karibu majuma mawili ya hapa duniani. Tuseme kituo kidogo cha mwezini kinahitaji kilowati 10. Kwa siku 14, yaani saa 336, kitatumia saa-kilowati 3,360. Iwapo betri zake zinaweza kuhifadhi saa-wati 200 kwa kila kilo, zitahitajika betri zenye uzito wa karibu tani 17 ili kuuvuka usiku mmoja tu. Katika sayari ya Mirihi kuna adui mwingine, yaani vumbi. Gari la utafiti lililoitwa Opportunity, ambalo lilitegemea mwanga wa jua, lilinyamaza mwezi wa Juni 2018 baada ya tufani ya vumbi kuifunika sayari, nalo halikusikika tena.

Joto la plutoni: si kinu

Kabla ya kueleza kinu, hatuna budi kutenganisha vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya. Vyombo viwili vya Voyager, vilivyorushwa mwaka 1977, hutumia nishati ya nyuklia, lakini havina kinu. Ndani yake mna plutoni-238, ambayo huoza yenyewe polepole na kutoa joto. Hapana anayeiwasha wala anayeweza kuizima. Joto hilo hugeuzwa kuwa umeme, na siku ya kurushwa kila chombo kilikuwa na wati 470 hivi. Nusu-uhai wa plutoni-238, yaani muda wa kuoza nusu ya kiasi chake, ni miaka 87.7, kwa hiyo umeme umekuwa ukipungua mwaka hata mwaka, na vipimo vya vyombo hivyo vimekuwa vikizimwa kimoja baada ya kingine.

Mtambo huo ni wa kutegemewa sana, lakini hauwezi kukua. Kilo moja ya plutoni-238 hutoa joto la wati 570 hivi, na katika mitambo ya aina hiyo ni sehemu 6 hivi tu katika 100 za joto zinazogeuka kuwa umeme. Anayetaka kilowati 100 za umeme kwa njia hiyo atahitaji karibu tani 3 za plutoni-238, na madini hiyo hutengenezwa kwa shida, kilo chache chache. Hapo ndipo kinu kinapohitajika.

Kazi ya kinu

Kiini cha atomu ya urani-235 kikipigwa na nyutroni hupasuka, nacho hutoa nishati pamoja na nyutroni nyingine mbili au tatu. Iwapo angalau moja kati ya hizo itapasua kiini kingine, kazi itajiendeleza yenyewe kama mnyororo. Kilo moja ya urani-235 ikipasuka yote hutoa nishati inayozidi ile ya tani 2,500 za makaa ya mawe.

Hebu tufanye hesabu. Ili kupata joto la megawati 1 kwa siku nzima, yapasa ipasuke takribani gramu 1 ya urani. Kinu cha joto la kilowati 400 kikifanya kazi kwa miaka 10 kitatumia karibu kilo moja na nusu tu. Hata hivyo vinu vidogo vya anga za juu hubeba urani kwa makumi ya kilo. Ziada hiyo ni ya nini?

Jibu liko katika jambo ambalo kila mpishi analijua. Kaa moja la moto likitolewa jikoni na kuwekwa peke yake huzimika upesi, kwa kuwa joto lake hukimbilia nje pande zote. Makaa yakikusanywa pamoja, kila moja hupashwa na jirani yake, na moto hudumu. Nyutroni nazo hukimbilia nje ya donge la urani. Donge likiwa dogo, eneo la uso wake ni kubwa likilinganishwa na ujazo wake. Nyutroni nyingi hupotea, na mnyororo hukatika. Basi urani nyingi iliyomo katika kinu kidogo haikuwekwa ili iteketezwe, bali ili moto uweze kushika.

Ili kupunguza urani hiyo, wahandisi hukizunguka kiini cha kinu kwa madini ya beriliamu, ambayo hurudisha ndani sehemu ya nyutroni zinazokimbia. Tutakiita kizingo hicho kiakisi. Katika vinu vingi vya anga za juu, kiakisi ndicho kinachotumika pia kuendesha kinu. Hutengenezwa mapipa madogo yanayoweza kuzungushwa. Yakielekezwa ndani, nyutroni hurudi na kinu huwaka. Yakigeuzwa nje, nyutroni hupotea na kinu huzimika. Jambo hilo lina manufaa makubwa kwa usalama, kwa sababu chombo kikivunjika, kiakisi hubanduka na mnyororo hukatika.

Zaidi ya hayo, kinu kilichosanifiwa vizuri hujirekebisha chenyewe. Kiini kikipata joto kupita kiasi hutanuka kama metali yoyote, nyutroni hupata nafasi zaidi ya kutoroka, na nguvu hupungua. Kikipoa hunywea, na nguvu hupanda. Sifa hiyo ni ya lazima kwa chombo kilicho mbali, kwa maana amri ya redio kutoka duniani huchukua zaidi ya nusu saa kufika katika Mshtarii.

Kugeuza joto kuwa umeme

Kinu chenyewe hakitoi umeme, hutoa joto. Kuna njia kadhaa za kuligeuza. Ya kwanza hutumia jozi za vipitishi-nusu viwili tofauti: ncha moja ikiwa ya moto na nyingine ikiwa baridi, mkondo wa umeme hupita. Njia hiyo haina kitu kinachozunguka, kwa hiyo haichakai upesi, lakini ufanisi wake ni mdogo. Ya pili huipasha metali joto kali sana mpaka elektroni ziruke kutoka juu yake na kudakwa na metali nyingine iliyo karibu. Ya tatu hutumia injini: ama ile ya Stirling, ambamo gesi iliyofungiwa hutanuka na kunywea na kusukuma pistoni, ama tabo inayozungushwa na gesi ya moto. Injini zina ufanisi mkubwa zaidi, bali zina sehemu zinazosogea, na huko juu hapana fundi.

Joto hutolewa katika kiini na kupelekwa kwenye mtambo wa umeme kwa metali iliyoyeyuka. Maji hayafai, kwa sababu katika jotoridi la juu kiasi hicho yangehitaji shinikizo kubwa mno na mabomba mazito. Mchanganyiko wa sodiamu na potasiamu, ukichanganywa kwa kadiri inayofaa, hubaki kiowevu hata chini kidogo ya nyuzi sifuri za Sentigredi, nao hupitisha umeme. Kwa hiyo unaweza kusukumwa kwa sumaku na mkondo, kwa kanuni ileile inayofanya waya wenye mkondo usogee ndani ya uga wa sumaku, bila pampu yenye pangaboi.

Tatizo la rejeta

Tumefika sasa mahali ambapo kinu cha anga za juu huachana kabisa na kile cha duniani. Mashine yoyote ya joto hupokea joto upande wa moto, hugeuza sehemu yake kuwa kazi, na hulazimika kutupa salio upande wa baridi. Gari hutupa salio hilo kwa rejeta inayopulizwa na hewa; mtambo wa umeme wa duniani hulitupa katika bahari, mto au hewa. Katika anga za juu hapana hewa wala maji. Chombo kimo ndani ya ombwe, na njia ya pekee ya kutupa joto ni mnururisho, yaani kung'aa kama kaa, ingawa mara nyingi kwa miali isiyoonekana kwa macho.

Sheria ya mnururisho iligunduliwa na Josef Stefan mwaka 1879 na kuthibitishwa kwa nadharia na Ludwig Boltzmann mwaka 1884. Inasema kwamba nguvu inayotoka katika kila mita ya mraba hulingana na kipeo cha nne cha jotoridi halisi, linalopimwa kwa kelvini. Jotoridi likiongezeka mara mbili, mnururisho huongezeka mara 16. Uso mweusi wenye kelvini 300, sawa na siku ya kawaida ya Dar es Salaam, hutoa wati 459 kwa mita ya mraba. Wenye kelvini 900 hutoa zaidi ya wati 37,000.

Duniani mhandisi hujitahidi upande wa baridi uwe baridi iwezekanavyo, kwa kuwa ufanisi wa juu kabisa wa mashine ya joto ni moja kutoa uwiano wa jotoridi la baridi kwa jotoridi la moto. Je, afanye vivyo hivyo angani? Tuchukue mashine bora kabisa ya kinadharia yenye upande wa moto wa kelvini 1,200, inayotakiwa kutoa kilowati 100 za umeme, na tubadilishe jotoridi la rejeta.

Rejeta ikiwa na kelvini 300: ufanisi ni asilimia 75, joto la kutupwa ni kilowati 33, na eneo la rejeta ni mita za mraba 73.

Rejeta ikiwa na kelvini 600: ufanisi ni asilimia 50, joto la kutupwa ni kilowati 100, na eneo ni mita za mraba 14.

Rejeta ikiwa na kelvini 900: ufanisi ni asilimia 25, joto la kutupwa ni kilowati 300, na eneo ni mita za mraba 8.

Rejeta ikiwa na kelvini 1,000: ufanisi ni asilimia 17, joto la kutupwa ni kilowati 500, na eneo ni mita za mraba 9.

Mwanafunzi na azitazame hesabu hizo kwa makini. Mashine yenye ufanisi mkubwa kabisa ndiyo yenye rejeta kubwa kabisa, mara tisa ya ile iliyo ndogo kuliko zote. Rejeta ndogo kabisa hupatikana wakati jotoridi lake ni robo tatu ya jotoridi la upande wa moto, ingawa hapo mashine hutupa robo tatu ya joto lote. Wenye kujua kalkulasi wanaweza kulithibitisha jambo hilo kwa kutafuta thamani ya T inayoipa (1,200 – T)T³ kilele chake. Wengine wanaweza kuchora grafu.

Mashine halisi haifikii ufanisi huo wa nadharia, kwa hiyo rejeta halisi huwa kubwa zaidi. Lakini funzo halibadiliki. Angani urani si ghali kwa uzito wake. Kilicho ghali ni uzito na ukubwa wa rejeta inayopaswa kukunjwa ndani ya roketi. Ndiyo sababu kinu cha anga za juu husanifiwa kiwe na moto mkali kuliko kile cha duniani, na hapo mhandisi hukutana na mpaka mwingine: metali zinazoweza kuvumilia joto hilo kwa miaka mingi, huku zikipigwa na nyutroni, ni chache.

Ngao ya kivuli

Kinu kinachofanya kazi hutoa nyutroni na miali ya gama, ambazo huwadhuru watu na kuharibu vifaa vya elektroniki. Duniani kinu huzungukwa pande zote kwa saruji nene. Uzito huo hauwezi kurushwa. Lakini ombwe, lililotunyima njia rahisi ya kutupa joto, hapa linatusaidia. Kwa kuwa hapana hewa ya kuitawanya, mionzi husafiri kwa mstari ulionyooka. Inatosha kuweka ngao upande mmoja tu, kati ya kinu na vifaa, navyo vifaa vikae ndani ya kivuli chake kama mtu aliyesimama nyuma ya mbuyu wakati wa jua. Ngao hiyo huwa na hidridi ya lithiamu, ambayo hidrojeni yake hupunguza mwendo wa nyutroni, na huweza kuongezwa metali nzito kama tungsteni kwa ajili ya miali ya gama.

Kinu huwekwa pia kwenye ncha ya mlingoti mrefu. Umbali ukiongezwa kutoka mita 5 hadi 20, mionzi hupungua mara 16, kwa kanuni ileile iliyofifisha mwanga wa jua. Mwezini hali ni tofauti kidogo, kwa sababu ardhi huweza kuirudisha mionzi ikapita kando ya ngao. Lakini huko mnapatikana udongo, na kinu chaweza kuwekwa shimoni au kuzungukwa kwa tuta.

Vinu vilivyokwisha kurushwa

Marekani ilirusha kinu chake cha kwanza, SNAP-10A, tarehe 3 Aprili 1965 kutoka Kalifornia. Kilikuwa na kiakisi cha beriliamu, mchanganyiko wa sodiamu na potasiamu, na jozi za vipitishi-nusu vya silikoni na jerimaniamu. Kilitoa zaidi ya wati 500 za umeme, chini ya sehemu 2 katika 100 za joto lake. Baada ya siku 43 kilizimika, na sababu haikuwa kinu bali hitilafu ya kifaa cha umeme cha chombo kilichokibeba. Kinu pacha kilichobaki duniani kwa majaribio kiliendeshwa kwa saa 10,000. SNAP-10A kingali kinazunguka dunia katika mwinuko wa kilometa 1,300 hivi.

Muungano wa Nchi za Kisovieti ulirusha vinu zaidi ya 30 hadi mwaka 1988, vingi vikiwa katika setilaiti za kijeshi zilizotumia rada kuzitafuta meli baharini. Rada huhitaji umeme mwingi, nayo ilipaswa kuwa karibu na bahari, kwenye mwinuko wa kilometa 250 hivi, ambako mabaki ya hewa yangeyakokota mabamba makubwa ya jua na kuiangusha setilaiti upesi. Kila kinu kilikuwa na takribani kilo 30 za urani na kilitoa kilowati 3 hivi za umeme. Mwaka 1987 nchi hiyo ilirusha vinu viwili vya aina ya Topaz, vilivyotumia elektroni zinazoruka, navyo vilitoa kilowati 5 hivi kila kimoja. Cha kwanza kilifanya kazi kwa karibu nusu mwaka, na cha pili kwa karibu mwaka mzima.

Miradi mingine mikubwa haikufika angani. Mradi wa Marekani ulioitwa SP-100, uliokusudia kilowati 100, ulianza miaka ya 1980 ukaachwa katika miaka ya 1990. Mwezi wa Machi 2018, huko Nevada, kinu kidogo kilichoitwa KRUSTY kiliendeshwa kwa saa 28 ndani ya ombwe lililotengenezwa. Kiini chake kilikuwa donge la urani iliyochanganywa na molibdeni, chenye jotoridi la karibu nyuzi 800 za Sentigredi, na joto lilipelekwa kwenye injini za Stirling kwa mabomba yenye sodiamu. Wahandisi walikatiza upoozaji kwa makusudi, na kinu kilipunguza nguvu zake chenyewe, kama hesabu zilivyotabiri.

Kosmos 954

Mzingo wa chini wa setilaiti za rada ulikuwa na hatari. Setilaiti iliyoko kwenye kilometa 250 hukokotwa na hewa na huanguka baada ya muda mfupi. Wasanifu walipanga kwamba kazi ikiisha, kinu kingetengwa na kusukumwa kwa roketi ndogo hadi mwinuko wa kilometa 900 na zaidi, ambako kingekaa kwa mamia ya miaka. Muda huo una maana. Mabaki makali ya mpasuko, kama strontiamu-90 na sisiamu-137, yana nusu-uhai wa miaka 30 hivi. Katika miaka 300 hupita nusu-uhai kumi, na kiasi chake hubaki karibu sehemu moja ya elfu.

Setilaiti ya Kosmos 954, iliyorushwa tarehe 18 Septemba 1977, haikutii mpango huo. Ilipoteza mwelekeo, kinu hakikupandishwa, na tarehe 24 Januari 1978 ilivunjika angani juu ya kaskazini ya Kanada. Vipande vyenye mionzi vilitawanyika katika eneo kubwa la theluji karibu na Ziwa la Great Slave, na kazi ya kuvitafuta kwa ndege na kwa miguu ilichukua miezi. Kanada ilidai dola zake milioni 6 hivi kwa kutaja mkataba wa mwaka 1972 unaohusu dhima ya nchi inayorusha vyombo. Mwaka 1981 ililipwa milioni 3.

Inafaa msomaji wa Afrika Mashariki ajue kwamba mzingo wa setilaiti hiyo ulikuwa na mwinamo wa digrii 65 kutoka ikweta. Kwa kuwa dunia huzunguka chini yake, setilaiti kama hiyo hupita juu ya nchi zote zilizo kati ya latitudo 65 kaskazini na 65 kusini, na nchi zetu zimo. Kanada haikuchaguliwa na mtu. Ni mahali tu ambapo hewa iliikamata. Miaka mitano baadaye, tarehe 7 Februari 1983, kiini cha kinu cha Kosmos 1402 kiliingia hewani juu ya Atlantiki ya Kusini.

Kutokana na matukio hayo, tarehe 14 Desemba 1992 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha kanuni kuhusu vyanzo vya nyuklia katika anga za juu. Kwa mujibu wake, kinu hakipaswi kuwashwa kabla ya kufika katika mzingo wake wa kazi au kushika njia ya kwenda sayari nyingine. Sababu yake ni ya kifizikia. Nusu-uhai wa urani-235 ni miaka milioni 704, mara milioni 8 ya ule wa plutoni-238. Kwa hiyo urani safi ambayo haijatumika ina mionzi hafifu sana, na roketi ikilipuka wakati wa kuruka madhara yake ni madogo. Mabaki makali huzaliwa baada tu ya kinu kuwashwa. Kanuni hizo zinataka vilevile kinu kinachozunguka dunia kiwe katika mzingo wa juu wa kutosha, au kipandishwe huko kazi ikiisha, na kisiweze kujiwasha kwa ajali, kwa mfano kikianguka baharini na kuzungukwa na maji, ambayo huweza kurudisha nyutroni kama kiakisi.

Mwaka 2022 shirika la NASA la Marekani lilichagua makundi matatu ya makampuni yachore mipango ya kinu cha kilowati 40 kwa ajili ya mwezini. Habari za namna hiyo zitaendelea kusikika, nyingine zikiwa za kweli na nyingine za kujigamba. Mwanafunzi aliyefuata hesabu za makala haya anaweza kuzipima kwa maswali manne: jotoridi la rejeta ni kiasi gani, na eneo lake linatosha? Ngao iko wapi? Kinu kitawashwa lini? Na kazi ikiisha, kitakaa mahali gani, kwa miaka mingapi? Mpango usiojibu maswali matatu ya kwanza hautafanya kazi ipasavyo. Usiojibu la nne unaweza kufanya kazi vizuri sana, kisha ukaacha gharama yake ilipwe na watu wa nchi yoyote iliyoko chini ya mzingo wake.